Kitabu Kisichomliza Mtu

Mimi si mtu wa vitabu. Naomba hilo lijulikane mapema kabla hujaanza kunilaumu. Mwaka huo wa 2003 kazi yangu ilikuwa kupima mahindi katika ghala moja la Kitale. Mkulima anashusha magunia, mimi nachoma bambo, kile chuma chenye mfereji, juu ya gunia, nachoma chini, natazama punje zinazoteremka kiganjani, halafu nasema haya yamekauka, haya rudi nayo ukayaanike. Kitabu cha mwisho nilichokisoma mpaka mwisho kilikuwa cha mtihani, na nilikimaliza kwa kuogopa kiboko.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, mke wangu Nangila akanipigia simu kutoka Bungoma, akaniambia jicho la mama yake liko mikononi mwangu.

Mama yake, Mwalimu Nabwile wa Ndalu, alikuwa amebakiwa na jicho moja. La kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho, wakampasua pale Bungoma siku ya Alhamisi, kazi ikaenda vizuri kabisa. Ijumaa asubuhi akainama kutafuta kandambili chini ya kitanda. Damu ikavuja ndani ya jicho. Daktari akamfunga bendeji macho yote mawili na kutoa amri: siku kumi kitandani, kichwa juu ya mito mitatu, asiiname, asinyanyue kitu, asikohoe kwa nguvu, asicheke mpaka mbavu zimuume, na zaidi ya yote asilie. Akilia, daktari alisema, huenda jicho likapotea.

"Na analala?" nikauliza.

"Alale wapi, bana! Saa hii nimemkuta kwa mlango anapapasa ukuta, ati anatafuta maharagwe achambue. Nimemrudisha kwa kitanda mara tatu. Huyu mama hajawahi kukaa bure tangu azaliwe. Angekuwa na kitabu angetulia, si unamjua. Lakini kitabu ataisoma na nini?"

Mwalimu Nabwile alifundisha fasihi ya Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Vitabu alivyovipenda ni vile vinene vya Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria, vya maandishi madogo kama sisimizi, ambavyo mtu mzima anahitaji likizo nzima kuvimaliza. Nangila alikuwa amekumbuka kwamba Kitale, katika chumba cha kusomea cha kanisa fulani, kulikuwa na makasha ya kaseti. Ni hadithi zilezile, lakini zimegeuzwa michezo ya redio: watu wanaongea, farasi wanakimbia, mvua inanyesha.

"Nenda uchague moja," akasema. "Lakini Wakhungu, chagua vizuri. Kwa hizo vitabu watoto hufa. Mama mwenyewe husema hakuna kitabu ya wakati huo haina mtoto wa kufa. Na unajua habari ya Wekesa."

Niliijua. Wekesa alikuwa kaka yake Nangila, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka sita, kabla Nangila hajazaliwa. Mwalimu alimzika Jumamosi, Jumatatu akasimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kuliona chozi lake, si siku ile wala baadaye.

Utasema, mbona nisimpigie simu mwenyewe nikamuuliza ni kitabu gani hakina msiba? Kwetu Bukusu, mtu na mama mkwe wake hukwepana kwa heshima. Hatupeani mikono. Hatuli pamoja. Siingii chumba alichomo, wala yeye hawezi kulala chini ya paa langu. Ndiyo maana, ingawa nyumba yangu ya Bungoma ilikuwa hatua chache tu, Nangila alimwombea chumba cha nje kwa jirani yetu Zaitun, ng'ambo ya ua. Akitaka kuniambia jambo, Mwalimu humwambia Nangila, hata kama nimesimama pale nasikia. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yangu, maneno tuliyoambiana uso kwa uso hayajazi kijiko. Na huyo ndiye mtu niliyetakiwa kujua ni nini kitamliza na nini hakitamliza.

Nilifika chumba cha kusomea saa nane mchana. Aliyekisimamia alikuwa dada mmoja anaitwa Chepchumba, mtu wa mistari iliyonyooka, aliyepanga hata kalamu zake kwa urefu. Akanitolea makasha matatu, kila moja lina kaseti kumi, na redio kaseti ya kusikilizia.

"Kwa hizi tatu, gani haina kifo?" nikamuuliza.

"Mimi sijui. Mimi huandika tu nani amechukua na nani hajarudisha."

"Hujawahi kusikiliza hata moja?"

"Nitasikiliza saa ngapi? Wewe chagua. Saa kumi na nusu nafunga."

Makasha matatu, kaseti thelathini, na saa mbili na nusu. Nikafanya kama ninavyofanya kazini. Nikaamua kuchoma bambo juu na chini: nisikilize kaseti ya kwanza kidogo, kisha ya mwisho.

Kasha la kwanza nitaliita kwa Kiswahili *Mjane wa Nahodha*. Jalada lake lilikuwa na mwanamke wa nguo nyeusi juu ya jabali, upepo ukimpeperusha. Sikuhitaji kusikiliza, lakini nilisikiliza. Kaseti ya kwanza, kengele ya msiba. Kaseti ya mwisho, kengele ya msiba. Nikalisukuma mbali kama sahani yenye nzi.

La pili lilikuwa *Kesi ya Mashamba Mawili*. Ndugu wawili wameshtakiana miaka thelathini kwa sababu ya ua wa miti. Hakimu mmoja mle alikuwa na sauti ya bata, na mimi ambaye Kiingereza cha haraka hunipita nilicheka mpaka Chepchumba akanigongea meza. Hapo ndipo nikakumbuka: asicheke. Tena Mwalimu mwenyewe alikuwa na kesi ya mpaka na shemeji yake kule Ndalu. Angeinuka kitandani na bendeji zake abishane na yule hakimu. Hapana.

Likabaki *Bustani ya Kasisi*. Jaladani kulikuwa na kanisa, miti ya matunda, na watoto wanne. Nikaanza kupumua. Nikatia kaseti ya kwanza, na hata dakika kumi hazijapita nikasikia kikohozi. Kitindamimba wa kasisi, Lawrence, miaka mitano, kifua kibovu. Yule mwigizaji alikohoa vizuri mno. Moyo wangu ukaanguka kabisa. Yote matatu hayafai, nikajisemea, na yule mama kule anapapasa ukuta.

Lakini nikaruka nikaweka kaseti ya kumi. Kengele tena, ila za harusi. Binti mkubwa wa kasisi anaolewa, watu wanapiga makofi, na mbele ya wote anakimbia Lawrence mdogo na kikapu cha maua. Akajikwaa, akaangukia matope, akainuka, mbio zikaendelea. Hakukohoa hata mara moja.

"Amepona!" nikapiga kelele.

"Nani?" Chepchumba akauliza.

"Lawrence!"

Nilifurahi kama niliyemuuguza mwenyewe. Lakini wasiwasi haukuniachia; nikarudi kwa *Mashamba Mawili*, nikarudi tena kwa *Bustani*, nikarudisha nyuma kaseti ya kumi nihakikishe ni Lawrence kweli. Lawrence kabisa, wamemtaja mara nne.

"Mchagua jembe si mkulima," Chepchumba akasema akishika funguo. "Andika jina hapa. Na Jumatano uniletee picha ya pasipoti, ya kadi. Bila picha hiyo nitakuandikia faini."

Jumapili nilipeleka kasha hadi langoni Bungoma, nikamkabidhi Nangila. Nilisimama nyuma ya jiko la Zaitun mpaka nikasikia Nangila akiijaribu redio, fidla zikianza kule chumbani, kisha nikarudi Kitale. Jumatatu jioni Nangila akapiga simu. Mama ametulia. Amelala chali kwenye mito yake, midomo inacheza, hata uji anausahau unapoa. Ghalani nilianza kutembea kifua mbele. Niliwaambia wabeba mizigo kwamba kuchagua kitabu ni kama kupima mahindi, kunataka mkono wa mtu anayejua kazi. Walinitazama tu.

Jumatano saa sita na nusu nikapeleka picha. Pale mezani alikuwepo mama mmoja, Nafisa, fundi wa nguo jirani na msikiti, anarudisha *Mjane wa Nahodha*. Alikuwa mtu wa kusikiliza kaseti huku akishona. Makasha yote yalikuwa yamepita kwa cherehani yake. Akaliona jina langu daftarini.

"Ndiyo wewe uko na *Bustani ya Kasisi*? Umefika kaseti ya tano?"

"Si mimi nasikiliza. Ni mama mkwe wangu. Ya tano ina nini?"

"Wacha nisikuharibie utamu."

"Niharibie, mama. Tafadhali niharibie."

Akanitazama akashtuka, maana nadhani rangi ilinitoka. "Ni ile ya mtoto kufa. Lawrence. Wallahi siku hiyo nilishona mkono wa gauni pahali pa shingo. Mamake anamshika mpaka asubuhi, na huku anaimba..."

"Lawrence hafi! Lawrence yuko harusini, anabeba maua!"

"Huyo ni mwingine. Huyo ni mtoto wa ndugu yao mkubwa. Alizaliwa nyuma ya hicho kifo, wakampa jina ya yule marehemu."

Nilikaa kwenye kiti cha Chepchumba bila kuombwa. Mimi naitwa Wakhungu kwa sababu babu yangu Wakhungu alikufa mwaka niliozaliwa. Kwetu mtoto hapewi jina hewani. Anapewa la mtu aliyetangulia, ndiyo desturi, hata mtoto wa miaka mitatu anaijua. Nilisikia "Lawrence mdogo" mara nne kwa masikio yangu, wala sikujiuliza, huyu mdogo ni wa Lawrence yupi? Nilidhani Wazungu hawana hayo. Na tena, mkulima mwenye hila huficha wapi mahindi yaliyooza? Katikati ya gunia. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa ghalani.

Nikampigia Nangila. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikahesabu kwa vidole mbele ya wale akina mama: kaseti mbili kwa siku, Jumatatu ya kwanza na ya pili, jana ya tatu na ya nne. Ya tano ni leo, baada ya chakula cha mchana. Nangila angekuwa kazini. Zaitun hakujua Kiingereza. Angemletea chai na kumwacha na mtoto anayekufa.

Bosi nilimdanganya kwamba kuna msiba. Lori la ghala lilikuwa linakwenda Bungoma, usukani yuko Kimeli, dereva asiyevuka gia ya tatu. Nilimsihi, nikamfokea, nikamwomba radhi. Niliogopa sana, sitaficha. Kila nilipofumba macho nilimwona yule mama akigeuza uso wake huku na huku akitafuta mwanga, miaka yote iliyobaki, na mimi nikijua ni nani aliyesimama mbele ya makasha matatu akanyoosha mkono. Asingenilaumu. Kwa desturi yetu hata kunilaumu asingeweza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nilifika uani saa tisa na nusu. Nangila hayupo. Zaitun alikuwa amesimama kwenye swala ya alasiri. Mlango wa chumba cha nje ulikuwa wazi kidogo, pazia likining'inia, na ndani nikasikia kikohozi kile. Halafu sauti ya mwanamke ikianza kuimba polepole.

Hatua nne, ningeingia nikabonyeza kitufe. Miguu ilikataa. Sikuwa nikifikiri, miguu yenyewe ilisimama kizingitini kama ya punda mbele ya daraja. Mama mkwe yuko kitandani, na mimi niingie? Nikageuka huku na huku, nikaona sanduku la stima ukutani kwa Zaitun. Nikavuta swichi kubwa chini.

Kukawa kimya. Redio ya jirani nayo ikanyamaza.

"Nani amezima stima?" sauti ya Mwalimu ikatoka ndani, ile ya darasani.

Hapakuwa na mtu wa kutusemea. Pale uani alikuwepo kuku wa Zaitun tu, anachakura. Mtu akibanwa hufanya anachoweza.

"We kuku," nikasema, "mwambie Mama kaseti hiyo si nzuri. Imeharibika. Aanze ya sita."

Mito ikasogezwa kule ndani.

"Kuku," Mwalimu akajibu, "mwambie huyo mtu kaseti haijaharibika. Ni mara ya tatu naisikia."

"Ya tatu?"

"Mtoto alikufa jana saa tisa. Sikungoja leo. Jana sikusikia vizuri kwa sababu nililia, ndiyo nairudia."

"Alilia?" nikamuuliza kuku.

"Nililia mpaka bendeji ikalowa. Nangila aliibadilisha. Alizima simu yake ili huyo mtu asisikie, maana alisema akisikia atakuja hapa kutusumbua. Sasa amekuja."

"Kuku, mwambie Mama anisamehe. Nilisikiliza mwanzo na mwisho. Nilidhani amepona."

Aliponena tena, sauti ilikuwa chini, na hakumtaja kuku.

"Yule wangu alikufa alfajiri. Nilimshika hivyohivyo. Watu waliniambia mwalimu halii, watoto wa shule watanionaje. Nikanyamaza miaka thelathini na mitano. Kitabu hiki nilikuwa sijakisoma. Nilikuwa nacho, Ndalu, rafu ya juu. Niliambiwa kina nini ndani, nikakiacha." Akavuta pumzi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Rudisha stima. Nataka nifike harusini."

Nilirudisha. Ningefanya nini? Yule mwanamke wa redioni akaendelea kuimba pale alipokatizwa, nami nikakaa chini nyuma ya jiko, kichwa mikononi, nikisikiliza kama kuna kilio kingine. Sikusikia. Hiyo haikunipa amani. Chozi la jana lilikuwa limeshamwagika.

Sikurudi Kitale. Siku nne zilizobaki nilikaa Bungoma nikiwa sina faida kwa mtu yeyote. Nilipasua kuni za Zaitun ambazo hakuzihitaji. Kila Nangila alipotoka kubadilisha bendeji nilimwuliza ilikuwa na rangi gani, akasema nyeupe, nikamwuliza nyeupe namna gani, mpaka akaniambia, "Wakhungu, ukiniuliza tena nitakufunga wewe hiyo bendeji, mdomo." Usiku alilia, akidhani nimelala. Yeye ndiye aliyenituma nikachague, na alijua jicho likipotea tutajilaumu sote wawili.

Jumatatu tukaenda kwa daktari. Nangila alimshika mamake mkono, mimi nikifuata nyuma mbali, kama mtu wa familia nyingine. Wakaingia chumba cha daktari. Mimi nikabaki kwenye korido, upande wa pili, nikitazama bango la kunawa mikono. Nililisoma mara ishirini.

Mlango haukufungwa vizuri. Nikasikia mkasi. Nikasikia plasta ikibanduka. Daktari akasema, "Fungua pole pole, Mama. Unaona nini?"

Hakuna jibu.

"Vidole vyangu ni vingapi?"

Nikasikia Nangila akisema, "Mama?" kwa sauti ya mtoto mdogo. Daktari akavuta kiti. Sekunde zikapita, zikapita nyingine, na pale nikasahau desturi, nikasahau babu zangu wote, nikavuka korido, nikasukuma mlango, nikasimama katikati yake.

Mwalimu Nabwile alikuwa ameketi wima, machozi yakimchuruzika kwa sababu ya mwanga uliomzidi hata kusema. Aligeuza uso taratibu kutoka kwa daktari, akaelekea mlangoni.

Kisha akashtuka. Akanyakua leso begani, akajifunika uso mzima, akanigeuzia mgongo na kutazama ukuta, jinsi mama mkwe yeyote wa Kibukusu anavyofanya akikutana ghafla na mume wa binti yake.

"Mama, vipi? Linauma?" daktari akauliza, amechanganyikiwa.

Nangila alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. "Haliumi, daktari," akasema. "Amemwona bwana yangu."

Nikarudi koridoni mbio, nikajificha nyuma ya nguzo kama inavyompasa mkwe mwenye adabu, na pale nikalia kwa sauti mpaka askari wa mlangoni akaja kuniuliza nimefiwa na nani.